Umeamkaje

Calama mvua hainyeshi.
Ni neno la imla tu: watoto huliandika
bila kosa, na hawajawahi kulowa.
Vumbi la mgodi hupenya ufa wa dirisha
na kuketi kwenye madaftari ya darasa la pili B
kabla ya wenye madaftari.

Nilikaa nyuma yao, mgeni wa wiki mbili,
magoti yangu yakigusa mbao za dawati.

Mwalimu Yasna hafungui kitabu kwanza.
Husimama mlangoni, saa mbili na robo,
humuuliza kila anayeingia: "Umeamkaje?"
Sharti ni moja. Neno "salama" limepigwa marufuku.

Nilicheka moyoni, mimi
niliyelelewa na lugha inayosalimia kwa kukana:
hujambo, sijambo.
Sijambo, na paa limeezuliwa jana.
Sijambo, na jambo lenyewe limeketi kifuani,
limekunja miguu, linasubiri chai.

"Nimeamka kama soksi iliyopotelewa na mwenzake,"
akasema Damaris, akapita.
"Nimeamka mara mbili," akasema Wara.
Yeferson, aliyehamia mwezi wa tatu kutoka Buenaventura
ambako anga halifungi bomba, akasema:
"Nimeamka nikisikiliza mvua. Haikuwepo."
Eliseo hakusema. Alipita chini ya mkono wa mwalimu.

Ilikuwa Jumanne, siku baba yake apandayo mgodini
zamu ya siku saba. Buti zilikwisha toka nyumbani
kabla mtoto hajafumbua macho.
Kabla ya saa tatu Yeferson alikuwa sakafuni,
kiti juu yake, na kalamu za rangi zikibingirika
hadi miguuni pangu.

Nilingoja lile agizo tulilokua nalo sote:
muombe mwenzako msamaha, sasa hivi, kwa sauti.
Halikuja. (Baadaye, kwenye chai, Yasna aliniambia:
msamaha wa kulazimishwa ni mswaki wa kuazima.)
Alimwinua Yeferson, akakitazama kiwiko,
kisha akapiga magoti vumbini mbele ya yule mwingine.
"Iko wapi mwilini?"

Eliseo alitafuta kama mtu aliyepoteza funguo:
tumboni, kooni, mfukoni hasa.
Akayashika masikio. "Hapa. Inapiga kelele."

Yeferson akasogea, kiwiko kinachuruza damu:
"Kelele kama mvua kwenye bati?"
"Sijui mvua."
"Hujui *mvua*?"
Na kiwiko kikasahaulika papo hapo.
Akaweka vidole juu ya dawati:
manyunyu kwanza, kidole kimoja kimoja,
kisha rasharasha, kisha viganja,
na Wara akadakia, na Damaris, na safu nzima,
hata mwalimu wa jirani akachungulia mlangoni
akatazama juu, Mungu amsamehe, kwenye dari.

Eliseo alipiga wa mwisho. Alipiga vibaya,
kwa ngumi, nje ya mdundo, kamasi zikimtoka,
na hakuna aliyemwambia mwanamume halii.

Nisidanganye: Ijumaa alimng'ata mtu.
Ila safari hii alipiga ukelele kwanza, "Masikio!"
onyo la nusu sekunde, halikumfaa yeyote.
Yasna aliiandika ile nusu sekunde kwenye daftari lake
kama aliyeokota sarafu njiani.

Siku yangu ya mwisho Damaris alisita mlangoni.
"Na wewe, mwalimu? Umeamkaje?"
"Sala—"
"Marufuku!" Darasa zima.
Yasna aliitazama chaki mkononi, muda mrefu kiasi
cha sisi wote kulisikia vumbi likitua.
"Nimeamka," akasema, "katika nyumba
yenye chumba kimoja cha ziada."

Kimya. Kisha Yeferson, kwa upole wa fundi
aliyeitwa kukagua kazi:
"Weka baiskeli humo."